Bwawa la koi linahitaji chumvi kweli?

Hili swali la chumvi haliishi. Kila anayeanza kufuga koi, wale samaki wa rangi wa mapambo, lazima atakutana na mtu wa kumwambia "tia chumvi bwana, samaki wanaipenda", alafu kesho yake mwingine anamwambia "usithubutu kabisa", na wote wawili wanaongea kwa uhakika, na mwenye samaki anabaki pembeni ya bwawa kashika mfuko wa chumvi hajui aumwage au aurudishe ndani. Nimeamua kuandika ninavyolielewa hili jambo kwa urefu, maana majibu mafupi ndio yanayowachanganya watu. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukisubiri: bwawa lililokomaa, filta inafanya kazi, samaki wazima, halihitaji chumvi. Chumvi ni dawa. Unaitoa kama kuna kitu cha kutibu, unajua dozi, na unajua lini unaiondoa.

Tuanze na mwili wa samaki mwenyewe, ukielewa hapa mengine yanakuja yenyewe. Koi ni karpu, samaki wa maji baridi, na damu yake ina chumvi kati ya 0.8% na 0.9% hivi, wakati maji ya bwawa anayoogelea karibu hayana kitu. Na maji yakikuta utando mwembamba yanapenya kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, siku zote, na matamvua ya samaki ni utando mwembamba mno, lazima yawe hivyo ili oksijeni ipite. Kwa hiyo usiku na mchana maji yanamwingia koi mwilini bila yeye kutaka, na chumvi yake inamtoka polepole. Ni kama mtu aliye kwenye ngalawa inayovuja, muda wote anafua maji, akiacha tu anazama. Anayefua hapa ni figo, koi anakojoa mkojo mwingi mwepesi muda wote, na kule kwenye matamvua kuna seli ambazo kazi yao ni kunyakua sodiamu na kloraidi kutoka kwenye maji na kuzirudisha kwenye damu, hata kama kwenye maji zimo chache sana. Chumvi nyingine anaipata kwenye chakula.

Wanaotia chumvi mwaka mzima hoja yao inatokea hapohapo. Wanasema maji yakiwa na chumvi kidogo ile tofauti ya ndani na nje inapungua, figo zinapumzika, na nguvu iliyobaki inaenda kwenye kukua na kwenye kinga. Hoja inaeleweka na siibezi hata kidogo, ila fanya hesabu. Ukitia 0.1%, yaani kilo 1 ya chumvi kwa lita 1,000 za maji, umepunguza ile tofauti kwa sehemu moja kati ya nane au tisa, na kwa samaki mzima ambaye figo zake ziko sawa hiyo sio nafuu ya kuhangaikia. Nafuu ya maana inaanza ukifika 0.3% kwenda juu, na hapo ndipo chumvi nayo inaanza kuleta mambo mengine ntakayoyasema chini. Tena mwili wa karpu umeumbwa kwa kazi hii hii. Koi wenyewe walitokea Niigata, Japani, wakulima wa kule walianza kuwachagua karpu wenye rangi kwenye miaka ya 1820 hivi, na watu wengi zaidi wakawajua baada ya maonyesho ya Tokyo ya 1914. Mpaka leo wafugaji wa Niigata wanawapeleka samaki kwenye mabwawa ya udongo kipindi cha joto, maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka, maji mepesi kabisa, na vuli wakiwatoa wamenenepa na ngozi inang'aa.

Kuna watu watakwambia mbona karpu wa porini wanaishi hata kwenye maji ya chumvichumvi, mfano kandokando ya Bahari ya Kaspi. Ni kweli wanaishi, karpu ni mvumilivu sana. Ila kuvumilia kitu na kukihitaji ni mambo mawili tofauti, na uvumilivu wake ndio unaotupa nafasi ya kumtibu kwa chumvi bila kumuua.

Sasa pale ambapo chumvi ina kazi ya kweli, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo imeokoa samaki wengi. Nitriti. Bwawa jipya filta yake haina bakteria wa kutosha, samaki anatoa amonia, kundi la kwanza la bakteria linaota na kuigeuza amonia kuwa nitriti, lakini kundi la pili linaloigeuza nitriti kuwa nitrati linachelewa, kwa hiyo kuna kipindi cha wiki kadhaa nitriti inapanda na haina pa kwenda. Kitu hichohicho kinaweza kutokea kwenye bwawa la zamani kama umeosha filta kwa maji ya bomba yenye klorini, au umetumia dawa iliyoua bakteria, au umeongeza samaki wengi kwa mkupuo. Nitriti inaingia mwilini kupitia zile zile seli za matamvua zinazonyakua kloraidi, yaani seli zinadhani zimepata kloraidi kumbe zimebeba sumu, na ikifika kwenye damu inaibadilisha hemoglobini isiweze kubeba oksijeni. Damu inakuwa ya kahawia. Unaona samaki wanahema juu juu au wamejazana pale maji ya pampu yanapoangukia, na pampu ya hewa inafanya kazi vizuri tu, unabaki unashangaa.

Ukitia chumvi hapo umejaza kloraidi kwenye maji, na kloraidi inagombania mlango uleule na nitriti, na kwa sababu ni nyingi kuliko nitriti inashinda. Kwenye ufugaji wa samaki wanapenda kloraidi iwe angalau mara 10 ya nitriti. Hebu piga hesabu uone ilivyo kidogo: nitriti ikiwa miligramu 2 kwa lita unataka kloraidi miligramu 20 kwa lita, na chumvi safi asilimia 60 ya uzito wake ni kloraidi, kwa hiyo kwenye lita 1,000 za maji ni kama gramu 33 za chumvi. Gramu, sio kilo! Mtu akitia kilo 1 kwa lita 1,000, yaani 0.1%, kashapata kloraidi kama miligramu 600 kwa lita, kinga kubwa kupita nitriti yoyote ya kawaida. Mi kwenye bwawa jipya naipenda hiyo 0.1% kwa sababu inakupa nafasi hata kama vipimo vyako vya maji sio sahihi sana, ila ukiona mtu anakimbilia 0.3% kisa nitriti, ujue hajapiga hesabu.

Na chumvi haiondoi nitriti, jamani. Inamlinda samaki tu. Nitriti bado ipo kwenye maji na inabidi uishughulikie, punguza chakula au simamisha kabisa siku chache, badilisha maji kidogo kidogo kwa maji yaliyotolewa klorini, ongeza hewa, na filta uiache itulie iote bakteria. Watu wanatia chumvi, samaki wanachangamka, wanaendelea kulisha kama kawaida, alafu wanashangaa nitriti haishuki.

Kazi ya pili ni vimelea. Hapa chumvi ina historia ndefu na ni dawa nzuri, ila sio kwa kila kimelea. Costia, Chilodonella, Trichodina, na ule ugonjwa wa madoa meupe, vyote ni vidudu vya seli moja, vidogo, na chumvi ikipanda ghafla kuzidi wanayoimudu wanafyonzwa maji wanakauka. Dozi inayotumika sana ni 0.3%, kilo 3 kwa lita 1,000, inapandishwa kwa awamu, kilo 1 kwa lita 1,000 leo, nyingine kesho, nyingine keshokutwa, alafu inaachwa hapo wiki mbili hivi. Kwenye madoa meupe huo muda ndio muhimu kuliko dozi, sababu kimelea kikiwa kimejichimbia chini ya ngozi ya samaki chumvi haikifikii, unakikamata kikiwa kinaogelea kwenye maji kutafuta samaki mwingine. Maji ya nyuzi 25 mzunguko wake unaisha ndani ya siku chache, maji yakiwa baridi unavuta wiki kadhaa, kwa hiyo mtu anayetibu kwenye baridi kwa siku tano alafu akaacha amepoteza chumvi yake bure.

Ila minyoo ya ngozi na ya matamvua, Gyrodactylus na Dactylogyrus, hiyo usiitegemee chumvi ya bwawani. Inapungua kidogo, samaki anapata ute mwingi, anaacha kujikuna siku mbili tatu, unadhani umepona, alafu inarudi. Hiyo dawa yake ni prazikwanteli au nyingine za minyoo. Ndio maana nasisitiza maikroskopu, hata ile ya bei ndogo ya wanafunzi inatosha, unapangusa ute kidogo kutoka ubavuni kwa samaki, unaweka kwenye kioo na tone la maji ya bwawa, unaangalia. Samaki anayejikuna anaweza kuwa na Costia, au minyoo, au pH (kipimo cha uasidi wa maji) imeyumba, au klorini imeingia, na kwa macho zote zinafanana. Kutia chumvi kabla hujaangalia ni kubahatisha, na kwenye kubahatisha anayeumia ni samaki.

Na hapa ndipo ninapopingana kabisa na tabia ya kuweka chumvi kidogo kidogo mwaka mzima "kwa ajili ya kinga". Vimelea vinavyoishi miezi na miezi kwenye 0.1% au 0.2% ni vile vinavyoweza kuishi humo, vilivyo dhaifu vinakufa na vigumu ndio vinazaana. Wafugaji wengi wenye uzoefu wanalalamika Trichodina na Costia za siku hizi hazisikii tena 0.3%, unapandisha mpaka 0.5% au 0.6% na bado zinacheza kwenye kioo. Tena samaki naye kazoea. Chumvi inafanya kazi vizuri kwa sababu inakuja ghafla kwenye maji ambayo hayakuwa nayo, sasa ukiifanya iwe hali ya kawaida ya bwawa siku ukiihitaji kweli huna cha kupandisha.

Kuna matumizi mengine nayakubali bila ubishi. Samaki mwenye kidonda kikubwa ngozi imefunguka, maji yanamwingia kwa wingi na chumvi inamtoka pale kwenye jeraha, kwa hiyo 0.3% kwenye tanki la matibabu inampunguzia mzigo wakati dawa nyingine zinafanya kazi ya bakteria. Samaki aliyevimba tumbo magamba yamesimama, mara nyingi figo zimeshindwa, naye chumvi ya 0.3% mpaka 0.5% inamsaidia asizidi kujaa maji, ingawa niseme ukweli wengi wa hao hawaponi, maana kuvimba ni dalili, na chanzo mara nyingi kimeshaharibu ndani. Kumsafirisha samaki nako kunampa stresi inayomfanya apoteze chumvi haraka, kwa hiyo kidogo kwenye maji ya safari ni jambo jema. Na kuna ile ya kumwogesha samaki kwa muda mfupi kwenye maji makali ya 2% mpaka 3%, gramu 20 hadi 30 kwa lita, dakika chache, hewa inapuliza, na wewe umesimama hapohapo macho kwa samaki hujaenda kuchukua simu, akilala ubavu tu unamtoa. Hiyo sio ya mtu anayeanza leo, na sio ya samaki aliyechoka sana.

Vitu ambavyo chumvi haifanyi navyo vinatakiwa visemwe. Haitoi klorini kwenye maji ya bomba, haipunguzi amonia, haipandishi wala kushusha pH. Kuna watu pH ya bwawa lao inaporomoka usiku wanatia chumvi, kumbe kilichoisha ni kabonati inayoishikilia pH isiyumbe, na hapo kinachotakiwa ni baikaboneti ya sodiamu, kitu kingine kabisa. Haitibu virusi. Ule ugonjwa wa virusi vya hepesi ya koi, ulioanza kujulikana 1998 na unaoweza kufagia bwawa zima maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28, hauna chumvi wala dawa itakayouponya, kinga yake ni kuwatenga samaki wapya kabla hawajaingia bwawani, kwenye joto hilohilo, wiki kadhaa, na kutochangia nyavu.

Haya tufanye umeamua kutia, una sababu. Swali la kwanza ni bwawa lako ni lita ngapi, na hapa watu wengi hawajui, wanakisia. Urefu mara upana mara kina kwa mita, zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 4 kwa 3 kwa kina cha 1.5 ni lita 18,000, 0.1% ni kilo 18, 0.3% ni kilo 54. Lakini hiyo ni kama kuta zimesimama wima na kina ni kilekile kila mahali. Ukiwa na kuta zilizoinama, mawe ndani, kona za mviringo, maji halisi yanaweza kuwa lita 13,000, na zile kilo 54 ulizodhani ni 0.3% zimekuwa zaidi ya 0.4%. Njia ya uhakika ni kusoma mita ya maji siku unajaza bwawa. Kama bwawa limeshajaa kuna njia nyingine naipenda sana, chumvi yenyewe inakupimia: pima chumvi iliyomo kwanza, tia uzito unaoujua, subiri maji yazunguke siku nzima, pima tena. Umetia kilo 10 na usomaji umepanda kwa 0.05%, bwawa lako ni lita 20,000. Baada ya hapo namba hiyo unaitumia kwa dawa zote maisha yako yote, na kwa dawa nyingine kukosea lita ni hatari kuliko chumvi.

Kwa hiyo unahitaji kifaa cha kupimia. Mita ya umeme ya chumvi, ile ya kuchovya, ndio nzuri. Kama unayo ya kupima upitishaji umeme wa maji, gramu 1 ya chumvi kwa lita inaongeza karibu maikrosimensi 2,000 kwa sentimita, kwa hiyo unatoa usomaji wa mwanzo kabla ya chumvi na unapata jibu. Vile vifaa vya kuelea vya matangi ya samaki wa baharini vimetengenezwa kwa maji ya 3.5%, huku chini kwenye 0.1% havioni vizuri. Kuonja kwa ulimi kusiwepo kabisa.

Kupima ni muhimu kwa sababu moja ambayo ikikuingia utaelewa hatari yote: chumvi haipotei. Jua likipiga maji yanapungua, chumvi inabaki. Filta haili chumvi, mimea haiimalizi, bakteria hawaiozeshi. Inatoka tu pale maji yenyewe yanapotoka, ukibadilisha au mvua ikifurisha bwawa. Sasa mtu ana mazoea ya kumwaga chumvi kila mwezi, anajazia maji yaliyopungua kwa jua tu bila kutoa ya zamani, mwaka ukiisha bwawa lina chumvi ambayo hajawahi kuipanga, na samaki hawasemi. Na ukijazia maji yaliyopungua kwa jua usiongeze chumvi, ukibadilisha maji ndipo unaongeza, tena kwa kiasi cha maji uliyotoa peke yake. Kama umetoa lita 2,000 na unataka ubaki 0.3%, ni kilo 6, basi.

Chumvi ya aina gani? Kloridi ya sodiamu safi, isiyo na kitu kingine. Watu wanaogopa sana iodini, ila kiasi cha iodini kilichomo kwenye chumvi ya mezani ni kidogo mno. Mi ninachokiangalia kwenye mfuko ni dawa za kuzuia chumvi isigandamane, hasa zile zenye maandishi E535 au E536, hizo ni ferosianidi, na mwanga wa jua unaweza kuzivunja zikatoa sianidi kwenye maji. Mfuko wenye hizo siutumii kwenye bwawa lililo nje. Chumvi za kulamba za mifugo zenye madini zisikaribie kabisa, nyingi zina shaba, na shaba kwa samaki ni sumu. Na ile inayoitwa chumvi ya Epsom ni magnesiamu salfeti, haina kloraidi hata kidogo, usiibadilishe na hii ukidhani ni ndugu.

Kuitia nako kuna namna. Yeyusha kwenye ndoo kwa maji ya bwawa, mwaga taratibu pale pampu inaporudisha maji, sehemu sehemu ndani ya saa kadhaa. Usimwage chembe kavu ikalundikana chini, maana maji makali ya chumvi ni mazito yanakaa sakafuni, na karpu kazi yake ni kuchokonoa chini na kupitisha vitu mdomoni, anaenda kuchungulia lile lundo na kuungua ngozi na matamvua. Kupandisha 0.1% kwa siku ni mwendo mzuri kwa samaki na kwa bakteria wa filta pia, wao wanaizoea 0.3% ikija polepole, ikija kwa kishindo wanadorora na unajikuta una amonia juu ya tatizo ulilokuwa nalo.

Kabla hujamwaga chochote angalia kama kuna zeolaiti, yale mawe ya kuchujia maji, popote kwenye filta. Zeolaiti inakamata amonia na kuishikilia, lakini ikikutana na chumvi inachukua sodiamu na kuiachia ile amonia yote irudi kwenye maji, na ndivyo watu wanavyosafisha zeolaiti iliyojaa, wanailoweka kwenye maji ya chumvi. Ukiisahau kwenye filta alafu ukatia chumvi, samaki mgonjwa uliyetaka kumsaidia umemmwagia amonia ya miezi. Itoe kwanza. Mimea nayo haipendi, magugu maji yanaanza kunyauka mapema, mayungiyungi yanachelewa kidogo ila ukikaa 0.3% wiki mbili majani yanakuwa ya njano na mengine yanaoza. Wengine wanafurahi mwani wa nyuzi unakufa, ni kweli baadhi unakufa, lakini mwani mwingi ukifa kwa pamoja unaoza na kula oksijeni, na mwani wenyewe ulikuwepo kwa sababu ya chakula kingi na jua, hivyo vikibaki utaota mwingine. Na kwa walio sehemu zenye barafu wanaodhani chumvi itazuia bwawa lisigande, 0.3% inashusha kiwango cha kuganda kwa kama nyuzi 0.2 tu, haisaidii chochote.

Pa kuitumia chumvi kwa raha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye tanki la kutenga, sio bwawani. Tanki la lita 1,000 ni kilo 3 tu kufika 0.3%, unaona samaki vizuri, unapangusa ute unaangalia, maji unabadilisha yote ukitaka, mimea haipo, zeolaiti haipo. Samaki mpya akikaa humo amepata nafuu ya safari na umepata muda wa kumchunguza. Kutia kilo 54 kwenye bwawa zima kwa sababu ya samaki mmoja anayejikuna ni kazi kubwa kwa faida ndogo, labda kama maikroskopu imekuonyesha vimelea kwa wengine pia.

Matibabu yakiisha, iondoe. Watu wengi wanasahau hii hatua wanaiacha tu. Ukiwa kwenye 0.3% na unabadilisha asilimia 20 ya maji kila mara, mara ya kwanza unabaki na 0.24%, kisha 0.19%, 0.15%, 0.12%, na mara ya tano ndipo unafika chini kidogo ya 0.1%. Kwa hiyo usitegemee kubadilisha mara moja ukasema nimemaliza. Maji unayotoa usiyapeleke kwenye bustani, sodiamu inaharibu udongo unashikamana na mizizi inaungua, na usiyaelekeze kwenye kijito wala kisima, yapeleke kwenye mfumo wa maji taka. Endelea kupima mpaka mita isome kama ilivyokuwa kabla hujaanza, na magugu maji usiyarudishe bwawani mpaka hapo.